Neno "nishikie" na ploti ya Kitengela: mume na mke waliofilisika pamoja

Walifika ofisini Juni 2025, jioni, kila mmoja akiwa ametoka kazini. Mume alibeba boksi la viatu lililofungwa kwa utepe wa plastiki. Mke alikuwa na bahasha moja ya kaki. Waliketi viti viwili vilivyo karibu, lakini boksi likawekwa kwenye kiti cha katikati, na hapo likakaa saa nzima.

Mimi ni msaidizi katika ofisi ya wakili wa madeni huku Texas, upande wa Dallas. Wakenya, Watanzania na Wakongo wakija hupitia kwangu kwanza kwa sababu ya lugha, hata wale wanaozungumza Kiingereza vizuri, maana deni ni jambo ambalo mtu hulieleza kwa lugha ya kwao. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yao. Majina sitayataja, na mambo machache madogo nimeyabadilisha ili wasitambulike. Naandika kwa sababu naona wenzetu wengi wakikaa na jambo hili kifuani hadi linawavunja, na kwa sababu kisa chao kilinifundisha kitu kuhusu ndoa na pesa ambacho kazi yangu peke yake haikuwa imenifundisha.

Wamekuwa Texas tangu 2014, wakaoana 2015, watoto wawili. Mke ni muuguzi. Mume alikuwa dereva wa kuajiriwa hadi mwanzoni mwa 2022, alipoamua kununua lori lake mwenyewe. Wakati ule bei za kubeba mizigo zilikuwa juu sana, kila dereva aliona wenzake wanapata, na malori yaliyotumika yaliuzwa kwa bei ambayo leo ukiitaja watu hushika kichwa. Akalinunua kwa mkopo. Kabla mwaka haujaisha bei za mizigo zikaanza kushuka, 2023 zikazidi kushuka, na lori likaanza kuharibika. Tairi, turbo, radieta. Alipokosa pesa ya fundi alitumia kadi ya mkopo, na yake ilipojaa akatumia ya mke. Mwaka 2024 mkopeshaji alikuja kulichukua lori, akaliuza mnadani kwa bei ya chini, na pengo lililobaki akalidai: dola 58,000. Mei 2025 akawashtaki.

Nimesema akawashtaki, wote wawili. Mke hakuwahi kuliendesha lori lile. Lakini siku ya kuchukua mkopo aliitwa atie sahihi "kama mke", akatia, na karatasi aliyotia sahihi ilikuwa ya udhamini. Bahasha ya kaki ilikuwa na karatasi hiyo tu. Aliitoa, akainyoosha juu ya meza kwa kiganja, akauliza: "Dada, hii ni mimi?" Nikamwambia ndiyo, ni wewe, na ni kwa deni lote.

Madeni yalipopangwa yalikuwa hivi. Pengo la lori, 58,000. Kadi ya mafuta ya dereva, 7,000. Kadi za mkopo za wote wawili, 31,000. Hospitali, 6,400. Mkopo wa masomo ya uuguzi wa mke, 22,000. Gari la mke, ambalo bado linalipiwa, 17,000. Jumla dola 141,400, na nyumba wanayoishi ni ya kupanga.

Walikuja na mpango wao tayari. Mume afilisike peke yake, mke abaki msafi, ili jina la mmoja lisaidie kukodi nyumba na kukopa gari. Mpango huu nausikia karibu kila wiki, na mara nyingine ni mzuri kweli. Kama deni lote ni la mmoja na mwingine hakutia sahihi popote, hakuna sababu ya kuwaingiza wote. Rekodi ya kufilisika kwa Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi, ile ya kufutiwa madeni bila mpango wa kulipa, hukaa miaka 10 kwenye taarifa za mikopo za kila aliyeomba, na nyumba yenye taarifa mbili zilizochafuka hulisikia jambo hilo siku ya kutafuta pa kukodi. Wakili akawaeleza kwa nini kwao mpango huo haukufaa, na hapa inabidi niende polepole.

Texas ni jimbo la mali ya pamoja. Kinachopatikana ndani ya ndoa huhesabiwa kuwa cha wote wawili, mishahara ikiwemo, hata kama jina la karatasi ni la mmoja, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mmoja akifilisika peke yake katika jimbo kama hili, msamaha wa madeni anaopata hulinda pia mali ya pamoja watakayoichuma baadaye dhidi ya madeni hayo. Kwa hiyo kwa juu juu mke angeonekana amefunikwa, mkopeshaji asingeweza kugusa mali ya nyumba yao. Lakini deni lake la udhamini lingebaki hai. Siku mume akifa, au wakiachana, ule mwavuli unafungwa, naye anasimama peke yake na dola 58,000 pamoja na riba. Kinga yake ingekuwa imetundikwa kwenye ndoa. Isingekuwa yake.

Mke alisikiliza, akamtazama mumewe kwanza, kisha wakili. Akasema, "Basi na mimi naingia." Mume hakusema kitu. Nilidhani ni huzuni ya mwanamume aliyeona mke wake akifuatia. Baadaye nilielewa kuwa alikuwa anaogopa kitu kingine kabisa.

Sheria ya Marekani inaruhusu mume na mke kufungua ombi moja la pamoja. Ada ya mahakama ni moja, dola 338 kwa Sura ya 7, awe mmoja au wawe wawili. Ni lazima wawe wanandoa kisheria, wachumba na wanaoishi pamoja tu hawaruhusiwi. Fomu ni seti moja. Mapato ya wote yanaandikwa kwenye ukurasa mmoja, na matumizi ya nyumba kwenye ukurasa mwingine mmoja. Kabla ya kufungua, kila mmoja apite somo fupi la ushauri wa madeni ndani ya siku 180 zilizotangulia, na baada ya kufungua kila mmoja apite somo la pili. Vyeti ni viwili, mmoja hamfanyii mwenzake.

Halafu wakili akasema lile analowaambia wanandoa wote kabla hawajajaza hata mstari: yeye ni wakili wa wote wawili, na chochote mmoja atakachomweleza hataweza kumficha mwingine. Kama kuna mtu ana jambo ambalo mwenzake hajui, au aliseme leo, au atafute wakili wake.

Kimya.

Mke ndiye aliyeanza. Alisema yuko kwenye chama cha wanawake 12, kila mmoja anatoa dola 500 kwa mwezi, na anayefikiwa na zamu anaondoka na 6,000. Ameshatoa miezi 7, zamu yake ni ya 9. Mume alijua kuna chama, hakujua ni 500. Alidhani ni 200. Kisha mke akaongeza: Machi mwaka ule, marejesho ya kodi yalipoingia, alimlipa dada yake dola 4,000 alizokopa wakati lori limelala gereji. Mumewe alikuwa ameambiwa marejesho yale yameenda kwenye kodi ya nyumba.

Nimeona ndoa zikitikisika kwa kidogo zaidi ya hapo. Mume alikaa ameinamisha kichwa. Nikangoja apandishe sauti. Badala yake akasema, kwa sauti ya chini sana, kwamba na yeye ana ploti Kitengela, kaunti ya Kajiado.

Alituma pesa nyumbani 2018, kidogo kidogo, mpaka ikatimia bei ya thumni ya ekari isiyotimia, futi hamsini kwa mia kama tunavyozipima kwetu. Iliandikwa kwa jina la mama yake kwa sababu yeye hakuwepo Kenya. Miaka 7 mke hakujua. Alitaka siku moja amshangaze, amfikishe pale amwonyeshe msingi wa nyumba. Mimi namwamini kwamba hiyo ndiyo ilikuwa nia yake. Lakini kwa miaka yote ile mke alikuwa anachukua zamu za usiku za ziada ili walipe kadi.

Mume alijitetea kwa hoja mbili ambazo nimezisikia kwa watu wengi, na nazijibu kwa urefu kwa sababu zinawaumiza watu wetu. Ya kwanza: ploti si yangu, iko kwa jina la mama. Ya pili: nani atatoka Texas aende kutafuta ploti Kajiado?

Kwa ya pili, sheria ya ufilisi ya Marekani inahesabu mali ya mdaiwa popote ilipo na kwa yeyote aliyeishika. Kitengela ni popote. Na Kenya yenyewe, katika Sheria ya Ufilisi ya 2015, iliingiza kanuni ya mfano ya Umoja wa Mataifa kuhusu ufilisi unaovuka mipaka, kwa hiyo mlango wa mahakama za nchi mbili kusaidiana upo. Hata hivyo si hoja ya kukamatwa iliyomgusa. Kilichomgusa ni ukurasa wa sahihi. Pale chini pameandikwa kwamba kusema uongo kwenye fomu hizo kunaweza kuleta faini hadi dola 250,000, au kifungo hadi miaka 20, au vyote viwili. Na pale pana nafasi za sahihi mbili. Kama angeficha ploti, mke wake, ambaye sasa anajua, naye angekuwa anaapa uongo huo huo. Mara ya kwanza alimtia kwenye deni kwa sahihi asiyoielewa. Safari hii angemtia kwenye kosa la jinai kwa sahihi anayoielewa.

Hoja ya jina la mama ni ngumu zaidi. Kama 2018 alimpa mama pesa zile ziwe zake, ploti ni ya mama, na zawadi ya zamani namna hiyo ina hesabu nyingine. Kama alimpa amshikie tu, manufaa ni yake, na hati inataja jina la mlinzi. Wakili akamuuliza alisemaje wakati ule. Mume akafungua simu, akarudi nyuma kwenye mazungumzo yake na mama hadi 2018, akanipa nitafsiri. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Mama nimetuma ya mwisho. Nishikie hiyo ploti hadi nirudi. Usiambie mtu."

Nishikie. Mtu yeyote aliyelelewa na Kiswahili anajua tofauti ya "shika" na "nishikie". Ile i iliyo kabla ya e ya mwisho ndiyo inayobeba hati yote. Niliitafsiri nikampa wakili, akaisoma mara mbili, akasema ploti inaandikwa. Pembeni yake ikaandikwa kwamba hati iko kwa jina la mama na kwa nini.

Hapo mume alidhani imekwenda. Kumbe kuisema ndiko kulikoiokoa.

Texas inasifika kwa kulinda nyumba ya mtu asinyang'anywe kwa deni: hata iwe ya thamani gani, ilimradi mjini isizidi ekari 10. Lakini hawa ni wapangaji, na ploti isiyokaliwa nje ya nchi si nyumba yao. Orodha ya jimbo ya vitu vinavyolindwa, pana kama ilivyo, haina nafasi ya ploti kama hiyo wala ya pesa taslimu iliyo benki. Texas lakini inamruhusu mdaiwa kuchagua orodha ya shirikisho badala ya ya jimbo. Ombi likiwa la pamoja, wote wawili lazima wachague orodha moja, hakuna huyu ya jimbo na yule ya shirikisho, na wasipokubaliana sheria inawahesabu wamechagua ya shirikisho. Katika orodha hiyo kuna kinga ya jumla ambayo unaiweka juu ya kitu chochote upendacho. Tangu Aprili 2025 ni dola 1,675, ukiongeza hadi 15,800 za kinga ya nyumba ambazo hukuzitumia. Mpangaji hana alichotumia, kwa hiyo anapata zote: 17,475. Na katika ombi la pamoja kila mmoja anapata zake. Wawili ni 34,950.

Mthamini wa Kajiado aliipa ploti thamani ya shilingi milioni 2.4, ambayo kwa kima cha wakati ule ilikuwa karibu dola 18,600. Haki ya mke kwenye chama tuliiandika 3,500, kile alichokwisha kutoa. Benki walikuwa na 1,900. Sehemu ya marejesho ya kodi ya mwaka unaoendelea ilikadiriwa 2,200. Jumla 26,200, na yote ikaingia chini ya 34,950. Mume angefungua ombi peke yake kama walivyokuja wamepanga, ploti nzima kama mali ya pamoja ingeingia mbele ya mfilisi, yaani msimamizi anayekusanya mali ya mdaiwa kwa ajili ya wadai, na kinga yake moja ya 17,475 isingeifunika hata hiyo peke yake, sembuse pesa ya benki. Jina la mke ndilo lililoifunika ploti ambayo mke alikuwa amefichwa.

Nilimweleza mke hesabu hiyo kwa Kiswahili, pole pole, kwa kalamu. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akamwambia mumewe, "Baba watoto, ungeniambia tu." Hakusema zaidi, na mimi nikatoka kwenda kuchukua maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Lilibaki suala la dada na dola 4,000. Malipo kwa ndugu ndani ya mwaka mmoja kabla ya ombi huchunguzwa kwa makini, kwa sababu sheria haitaki umlipe wa kwenu na kuwaacha wadai wengine. Mfilisi anaweza kumfuata huyo ndugu na kumdai arudishe. Fikiria barua kama hiyo ikifika kwa dada yako. Kwa mtu ambaye madeni yake mengi ni ya matumizi ya nyumbani, malipo ya namna hiyo yakifika dola 600 tayari yako hatarini. Kwa mtu ambaye madeni yake mengi si ya nyumbani, kizingiti ni dola 8,575. Yaani kila kitu kilitegemea swali moja: zaidi ya nusu ya 141,400 ni deni la aina gani?

Lori na mafuta vilikuwa 65,000. Nusu ni 70,700. Walipungukiwa.

Ndipo boksi la viatu lilipofunguliwa. Mume alikuwa ametunza kila risiti ya lori tangu siku ya kwanza, zimekunjwa, zingine zina alama za vidole vya grisi, zingine wino umefifia mpaka unainamisha karatasi kwenye taa ili uone tarehe. Mke alikuwa akimwambia mara kwa mara azitupe. Tuliketi siku mbili, yeye na mimi, tukilinganisha kila risiti na taarifa za kadi za mkopo: tairi nane hapa, turbo pale, lori kuvutwa na breki kutengenezwa usiku mmoja huko Oklahoma. Dola 14,000 za kadi zikathibitika kuwa za lori. 65,000 ikawa 79,000. Imevuka nusu.

Kwa kuvuka huko mambo mawili yalibadilika. Dada yake mke akawa salama, ingawa malipo yake yaliandikwa wazi kwenye fomu. Na kile kipimo cha mapato kinacholinganisha pato la familia na pato la kati la jimbo, kilichowekwa na mabadiliko ya sheria ya 2005, hakikuwahusu, kwa sababu kinawapima wale ambao madeni yao mengi ni ya nyumbani. Kwa mishahara yao miwili, wangepimwa kwacho wangeweza kusukumwa kwenda Sura ya 13, ambapo ungelipa kwa mpango wa miaka 3 hadi 5. Sisemi Sura ya 13 ni mbaya, kwa mwenye nyumba anayedaiwa malimbikizo ni mkombozi. Kwao ingekuwa miaka 5 ya kulipia lori lililokwisha kuuzwa.

Ukurasa wa matumizi ndio ulioleta mazungumzo marefu kuliko yote, na ndio ninaoupenda. Kila mmoja alikuwa na picha yake ya nyumba. Mume alidhani chakula ni dola 500 kwa mwezi, mke akaonyesha risiti: 950. Mke hakuwa anajua kwamba mumewe hutuma nyumbani 250 kila mwezi. Alidhani ni 100. Fomu ina mstari wa misaada unayowapa watu wasioishi nyumbani kwako, na pale mama akaandikwa. Wengi huogopa kuandika pesa za kutuma nyumbani wakidhani ni kosa. Si kosa. Kosa ni kuzificha. Sadaka ya kanisa nayo iliandikwa, na sheria inaiheshimu, zawadi za ibada na hisani hadi asilimia 15 ya pato la mwaka zina kinga yake. Chama wakili hakukubali kiitwe matumizi. Alisema ni akiba, na akakiandika kama akiba.

Ombi lilifunguliwa Agosti. Siku hiyo hiyo zuio likaanza kufanya kazi: kesi ya mkopeshaji wa lori ikasimama, na simu za wadai zikakoma. Mke aliniambia simu yake ilivyonyamaza Jumamosi ile alidhani imeharibika.

Mkutano na mfilisi ulikuwa Septemba, kwa Zoom kama ilivyo siku hizi. Waliketi meza ya jikoni, wakashika vitambulisho vyao mbele ya kamera. Anayehitaji mkalimani hupewa wa simu bila malipo, wao hawakuhitaji. Mfilisi aliwaapisha, akauliza kama walisoma kabla ya kutia sahihi, kama kila mali imeandikwa, kama wana mali nje ya Marekani. Mume akajibu ndiyo, ipo Kenya, imeandikwa. Akaulizwa kwa nini iko kwa jina la mama, akaeleza. Akaulizwa thamani imepatikanaje, wakili akaonyesha barua ya mthamini. Mke akaulizwa chama ni nini, na katika dakika moja akaeleza kwa ufasaha kuliko mimi ningeweza. Hakuna mdai aliyejitokeza. Yote yaliisha chini ya robo saa.

Gari la mke lilikuwa na hesabu yake. Alitaka kulibakiza, na kwa hilo alitia sahihi mkataba mpya na mwenye mkopo, ambao unalirudisha deni lile kwake kana kwamba hakufilisika. Mimi binafsi sipendi mikataba hiyo. Ukishindwa baadaye umerudi pale pale, na Sura ya 7 huwezi kuipata tena mpaka miaka 8 ipite tangu ombi la kwanza. Lakini muuguzi wa zamu ya usiku katika mji usio na basi la saa tano usiku anahitaji gari, na mkopo uko kwa jina lake tu. Wakili aliridhika kwamba ataweza kulipa.

Woga wake mkubwa ulikuwa leseni yake ya uuguzi, na woga wa mume ulikuwa uraia. Sheria inakataza idara ya serikali kumnyima mtu leseni kwa sababu tu amefilisika, na inakataza mwajiri kumfukuza kazi kwa sababu hiyo hiyo tu. Na kufilisika peke yake si sababu ya kunyimwa uraia. Uongo chini ya kiapo unaweza kuwa.

Kulikuwa na jambo moja ambalo fomu hazikuligusa. Mume amelelewa kwenye nyumba ambapo baba alisema dawa ya deni ni kulipa, na hakuwa na jibu la kumwambia baba yake. Alinikalisha siku moja akaniuliza kama anafanya dhambi. Nilimwambia ninachokiamini: mkopeshaji yule alikwisha kulichukua lori, akaliuza kwa bei aliyoitaka, na sheria aliyoifahamu vizuri kuliko wewe siku ya kukukopesha ndiyo hii hii inayokusamehe. Na kama kuna mdai ambaye dhamiri yako inakudai, hakuna sheria inayokukataza kumlipa kwa hiari baada ya msamaha. Alinitajia fundi mmoja aliyemtengenezea lori kwa mkopo wa mdomo, dola 900, ambaye hatukuwa tumemwandika. Tukamwongeza kwenye orodha. Mume akasema atamlipa tu.

Msamaha ulitoka mwishoni mwa Novemba, karatasi moja yenye majina mawili. Mfilisi alikwisha kuripoti kwamba hakuna mali ya kugawa. Lori, mafuta, kadi, hospitali vimefutika kwa wote wawili. Mkopo wa masomo wa mke, dola 22,000, umebaki, maana huo haufutiki ila kwa kesi ya peke yake yenye masharti magumu, na wanaulipa.

Januari mke alinipigia. Zamu yake ya chama ilikwisha kufika, fundi amelipwa, na mume sasa ameajiriwa tena kama dereva wa kampuni. Wana akaunti moja ya nyumba na kila mmoja ana ndogo yake ambayo mwenzake anaiona. Lakini hakupiga kwa ajili ya hayo. Alitaka kujua jina la mama mkwe likitoka kwenye hati ya Kitengela, inaweza kuandikwa kwa majina ya watu wawili? Nikamwambia inawezekana, ila atafute wakili wa huko, na mama mkwe mwenyewe ndiye atakayetia sahihi ya kuhamisha. Akasema mama amekubali, ameshamwambia kwa simu. Alitaka tu kuhakikisha kwamba hapatakuwa na karatasi nyingine ambayo ataitia sahihi bila kuisoma.